Barabara Haikuwa Ikisafishwa

Mheshimiwa mgeni rasmi, karibu ukae. Tunaomba tu usiegemee sana nyuma. Kiti ulichopewa ndicho kizima kuliko vyote tulivyonavyo, na bado mguu wake mmoja umeanza kuliwa na majivu. Huku kwetu majivu hula kila kitu cha chuma: viti, mabati, bawaba za milango, hata meno ya zipu.

Msimamizi wa kituo, wapimaji wa mlima, viongozi mliofuatana na mgeni wetu, wazee, wake kwa waume, tunawasalimu.

Anayesoma ni katibu, ambaye siku zote mnamwona akiuza tiketi dirishani. Nasoma kwa niaba ya walinzi wa kizuizi, waongoza wageni, wabeba machela, madereva, wapishi wa kantini, na wenzetu wanaofagia majivu, ambao wakifika mwisho wa uwanja hugeuka na kuanza upya kule walikotoka. Yote nitakayosema tumekubaliana sote.

UKARIBISHO

Tunafurahi umekuja. Waheshimiwa wengi wametuahidi kufika, na safari hii tumeona magari kweli.

Ukumbi huu ni kantini yetu. Tumetoa meza, tumeosha dari, tumefunga turubai upande wenye madirisha yasiyo na vioo. Ukisikia mtu anakohoa katika safu ya tatu karibu na mlango, tunaomba radhi mapema. Tusingeweza kumwomba akakohoe nje, maana nje ndiko kubaya zaidi. Yeye tunamwita Shemeji, na risala hii haitaisha kabla hujamfahamu.

HISTORIA FUPI

Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi tulikuwa wakulima wa viazi na vitunguu. Mlima ulikuwa mlima tu, mahali pa kukata kuni na kutafutia mbuzi waliopotea. Ulipoanza kufuka moshi tulidhani kuna mtu anachoma majani shambani. Wapo waliopanda kwenda kumgombeza.

Kisha vikombe vikaanza kugongana kabatini bila kuguswa. Visima vikatoa maji ya vuguvugu. Asubuhi moja ubavu wa mlima ukapasuka, na shamba la juu kabisa, lililokuwa la mpishi wetu mkuu wa sasa, likafunikwa na lava, viazi vikiwa bado ardhini. Tukakimbia.

Siku tunashuka, kila mtu na godoro lake kichwani, tulikutana na gari la kwanza likipanda. Lilikuwa na watu wenye kamera. Likasimama mbele ya mtu ambaye leo ni kiongozi wa waongoza wageni, na siku hiyo alikuwa amembeba mama mkwe wake mgongoni. Dereva akashusha kioo.

"Samahani, mahali pazuri pa kuutazama ni wapi?"

Mama mkwe akajibu kutoka mgongoni: "Ni huko mlikotoka, baba."

Lakini walipanda. Kesho yake wakaja wengine. Tulikuwa tumelala kwenye madarasa ya shule, nguo zimeungua, mashamba hakuna, na watu wanatuuliza njia. Wachache wetu wakaanza kuwaonyesha. Ofisi ya utalii nayo ikaja, ikajenga dirisha la tiketi, ikaweka kizuizi barabarani, ikatuajiri. Ndivyo tulivyohama kutoka kwenye viazi tukaingia kwenye utalii, na hakuna aliyetuuliza kama tunaupenda.

Tungependa kukueleza namna kazi inavyokwenda, kwani yote yanayofuata yanategemea jambo hili moja. Pale juu ya kilima kuna nyumba ya wapimaji wa mlima. Wana mashine zinazosikiliza tumbo la mlima na nyingine zinazonusa pumzi zake. Kila alfajiri hutundika bendera. Ikiwa ya kijani, wageni wanakwenda mpaka mwisho wa barabara. Ikiwa ya njano, wanapita kizuizi wakiwa na mwongoza wageni, na hawavuki nusu ya njia. Ikiwa nyekundu, hapiti mtu. Hiyo ndiyo sheria yote. Haina kifungu cha pili.

MAFANIKIO

Mheshimiwa mgeni rasmi, tusingependa uondoke ukidhani sisi ni watu wasio na shukrani. Watoto wetu wanasoma. Nyumba nyingi zimerudishiwa mabati. Kituo kina vyoo vya maji, ingawa maji yenyewe tunayasubiri. Mlima uliotunyang'anya shamba ndio unaotulisha, na kila asubuhi tunauangalia kama mtu anavyomwangalia baba mwenye nyumba mkali: kwa adabu, bila kuzoeana naye.

Mafanikio yetu makubwa ni kwamba tangu kituo kifunguliwe hatujapoteza mgeni hata mmoja. Tumewashusha walioteguka miguu na waliozimia kwa joto. Tumemshusha bwana aliyekanyaga mahali alipokatazwa akaacha soli zote mbili huko. Tumemshusha mama aliyepanda na sufuria akitaka kuchemshia yai kwenye lava, na yai lake tulishuka nalo likiwa zima.

Sasa tunaomba uvumilivu wako. Tulipopeleka rasimu ya risala hii ofisini, tukio la Shemeji tulikuwa tumeliandika chini ya Changamoto. Rasimu ilirudi na maelekezo kwamba lihamishiwe Mafanikio, kwa sababu mgeni alipona. Tumetii. Kwa hiyo tunalisimulia hapa.

Mlinzi wetu wa kizuizi ni mwanamke ambaye wageni na wenyeji wote wanamwita Bi Subiri, maana hilo ndilo neno lake. Uje na gari kubwa, uje na baiskeli, uje unalia, atakuambia: "Subiri." Kwetu sisi ni dada. Basi mume wake akawa shemeji wa kituo kizima, hata wa wazee wanaomzidi umri baba yake. Alikuwa mbeba machela, bega kama mlango. Akimshusha mgonjwa alikuwa anaimba, nyimbo anazozitunga papo hapo, za kumsema mgonjwa mwenyewe, ili mgonjwa acheke asiutazame mguu wake.

Msimu wa likizo uliopita, siku moja ya bendera nyekundu, ulifika ujumbe wa wageni wa heshima pamoja na wapiga picha wa matangazo. Bi Subiri akawaambia wasubiri. Walisubiri kidogo, wakapiga simu mahali. Punde simu ya kibanda ikalia.

"Wafungulie hao."

"Bendera ni nyekundu, mkuu."

"Bendera naijua. Hao ni wageni wa ofisi."

"Basi naomba uongee na wapimaji kwanza. Wakishusha bendera nafungua sasa hivi."

"Dada, unajua unaongea na nani?"

"Sijui, mkuu. Hukujitambulisha."

Simu ikakatwa. Iliyofuata ililia mfukoni mwa msimamizi wetu, na aliyepiga alimwita kwa jina lake kamili. Msimamizi alitoka ofisini bila kofia, akainua kizuizi kwa mkono wake mwenyewe, akarudi ndani. Hatumlaumu. Ana watoto kama sisi.

Ujumbe ulikwenda mpaka kwenye bonde lililo chini ya mwisho wa barabara, mahali ambapo lava huonekana vizuri ikiteremka. Picha ikapigwa. Mheshimiwa, picha yenyewe ni hiyo iliyo kwenye bango nyuma ya kiti chako, watu wanacheka na nyuma yao ni wekundu mtupu. Tunakuomba ugeuke uitazame kidogo. Yule mzee mwenye kofia ya majani, wa pili kutoka kulia, ndiye mgeni huyo aliyepona.

Baada ya picha hiyo upepo uligeuka. Gesi ya mlima ni nzito, inashuka na kujaa bondeni kama maji yanavyojaa kwenye karai. Tulisikia kwenye redio ya mawasiliano mtu akiita na kukohoa, akiita na kukohoa, kisha akawa anakohoa tu. Wabeba machela wakapanda. Barakoa za gesi zilikuwa chache kuliko watu. Walipofika walikuta wengi wamejikokota mpaka barabarani, lakini mzee mwenye kofia alikuwa ameanguka chini kabisa ya bonde, midomo imebadilika rangi.

Shemeji alivua barakoa yake akamvalisha mzee.

Mwenzake aliyeshika upande wa pili wa machela, ambaye yuko hapa leo, akamwambia: "Shemeji, na wewe?"

"Nitabana pumzi. Inua twende."

"Huwezi kubana pumzi mpaka kwenye gari!"

"Basi usinizungumzishe."

Wakapanda kutoka bondeni. Shemeji alibana pumzi kadiri mwanadamu anavyoweza, kisha akapumua, kama ambavyo yeyote kati yetu angepumua. Alifika kwenye gari kwa miguu yake. Aliweka machela chini polepole, kama anavyoweka siku zote, kisha akakaa ardhini. Tulidhani anapumzika. Tulipomwita hakuweza kuinuka.

Mzee mwenye kofia alipona. Ni mtu mwema, alituma salamu na shukrani, na kosa halikuwa lake. Aliambiwa kuko salama akaamini.

Shemeji hajawahi kulala chali tangu siku hiyo. Analala ameketi, mito mgongoni, na mke wake analala ameketi kando yake ili amsikie. Akitaka kwenda uani anapumzika mlangoni, anapumzika ukutani, ndipo anafika. Akisalimiwa kutoka barabarani anainua mkono, ili asitumie pumzi kwa neno. Haimbi tena.

Hayo ndiyo mafanikio yetu.

CHANGAMOTO

Tulishauriwa tuseme "fursa". Tumejaribu kulisoma hivyo kwa sauti, wenzetu wakacheka, tukaona tuliache kama lilivyo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tumechoka. Tunalisema neno hili bila hasira, kama mtu anavyosema ana njaa. Tumechoka kufagia kitu ambacho kinaendelea kuanguka. Tumechoka kufua nguo zinazotoka majini na rangi ileile. Tumechoka kueleza. Muuza tiketi huulizwa kila siku mlima unalipuka saa ngapi, na kama kutakuwa na mlipuko mwingine kwa wanaochelewa. Bibi mmoja alituomba tuuombe mlima urudie kidogo, hakuwa amewasha kamera. Bwana mwingine alirusha ndege yake ndogo ya kupigia picha, ikadondoka kwenye mdomo wa volkano, akatuuliza nani kati yetu huwa anazifuata zikidondoka. Tulimwonyesha Bi Subiri. Bi Subiri akamwambia asubiri.

Mambo hayo tunayaweza. Wageni ni watu, wametoka mbali, na mtu akiona moto unatoka ardhini akili humruka kidogo. Ukimweleza vizuri anarudi nyuma, na jioni anakuja kukushika mkono. Hatukuja kukuomba wageni wasije. Wasipokuja tutarudi kwenye viazi, na mashamba ya viazi yako chini ya jiwe.

Changamoto yetu ni moja tu. Kizuizi chetu ni bomba la chuma lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe, nalo linawazuia watu wasio na simu ya kupiga. Mwenye simu anapita. Akishapita yeye, waliokuwa nyuma yake wanauliza kwa nini wao wasipite, na hatuna jibu la kuwapa bila kuona haya. Na mwenye simu akishakwama huko juu hatumpigii aliyetoa ruhusa aje amchukue. Tunapanda sisi.

LILILOTOKEA ASUBUHI YA LEO

Sehemu hii haimo katika risala iliyopitishwa na ofisi. Imeandikwa leo juu ya buti la gari la uokoaji, na mwandiko utanisumbua kidogo kuusoma, kwa hiyo mniwie radhi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ratiba yako ilikuwa upite moja kwa moja mpaka jukwaa jipya la kutazamia, upigwe picha, kisha ushuke uje kutusikiliza. Msafara wako ulisimama njiani muda mrefu. Uliambiwa barabara inasafishwa.

Barabara haikuwa ikisafishwa. Bendera ilikuwa nyekundu tangu alfajiri, na Bi Subiri alikuwa zamu.

Wewe ulikuwa gari la nne, vioo vimepandishwa kwa ajili ya vumbi, na tunaamini hukusikia chochote. Tunakueleza kama tulivyosikia sisi tuliokuwa karibu. Ofisa wa itifaki alishuka gari la kwanza.

"Mama, fungua."

"Subiri, mwanangu. Bendera nyekundu."

"Unaona magari haya?"

"Nayaona. Ndiyo maana nimesimama hapa katikati."

"Unajua nani yumo ndani?"

"Nimeambiwa. Nimelipiga pasi koti hili kwa ajili yake. Lakini bendera haijashushwa."

Ofisa akacheka, maana ni kijana mpole, akadhani ni utani wa watu wa huku. Alipoona Bi Subiri hacheki akaenda pembeni na simu. Msimamizi wetu akaja mbio kutoka ofisini. Tulimwona usoni tukajua simu imeshafika.

"Bi Subiri, tafadhali. Usiniharibie siku ya leo."

"Bosi, mimi na wewe tulishawahi kuiharibu siku moja hapahapa."

"Leo si kama siku ile. Ni dakika chache tu. Wanapiga picha wanashuka."

"Na siku ile walikwenda kufanya nini?"

Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Kioo cha gari la pili kikashuka, na mtu ambaye hatutamtaja, kwa sababu amekaa hapa mbele, akasema kwa sauti: kama mfanyakazi huyu hataki kazi aondolewe, awekwe anayeitaka. Msimamizi akamwambia Bi Subiri avue koti la kazi, akabidhi filimbi na aende nyumbani, amesimamishwa kuanzia sasa.

Bi Subiri alivua koti. Alilikung'uta majivu, akalikunja, akampa msimamizi mikononi. Filimbi akaiweka juu. Kisha akarudi akasimama palepale, na gauni lake la nyumbani.

Msimamizi akamwita mlinzi wa pili ainue kizuizi. Mlinzi wa pili akasema bega linamuuma tangu jana. Akamwita mbeba machela. Mbeba machela akasema yeye kazi yake ni kubeba watu, vyuma hajapewa mafunzo. Akamwita dereva wa gari la uokoaji, naye akauliza ufunguo wa kufuli uko wapi, maana tangu siku ya Shemeji kizuizi hufungwa kwa kufuli.

Mlinzi wa pili akasema ufunguo anao Bi Subiri. Bi Subiri akasema ufunguo uko mfukoni mwa koti.

Koti lilikuwa mikononi mwa msimamizi.

Mheshimiwa, honi zilikoma. Msimamizi alishika lile koti kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiye wake. Mkono wake ulishuka mpaka mfukoni, tukausikia ufunguo. Akamtazama Bi Subiri. Akatazama juu kwenye bendera. Akakaa hivyo mpaka ofisa wa itifaki akaanza kuangalia chini. Kisha akamwendea yule kijana akamwambia: "Waambie barabara inasafishwa. Tuanzie ukumbini."

Huo ndio uongo pekee tuliokuambia leo, na aliyeusema aliusema ili asikuingize bondeni. Tunaomba asiadhibiwe kwa huo.

Mpaka sasa ninaposoma, mlima haujafanya lolote. Huenda usifanye lolote mpaka utakapokuwa umefika kwako na kula chakula cha jioni. Kuna watakaokuambia kwamba mlinzi wa kizuizi alikuaibisha bure. Bendera nyekundu haikuambii kwamba lazima mtu aumie. Inakuambia wapimaji hawajui, na wamekuwa waungwana kukiri. Siku nyingi za bendera nyekundu huisha bila jambo. Siku ile ya Shemeji nayo ilikuwa inakwenda kuisha hivyo.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi mengi, mheshimiwa. Yalijaza ukurasa mzima: maji ya vyoo, vioo vya madirisha, zahanati iliyo karibu, viatu vya wafagiaji. Asubuhi hii tuliyafuta. Tuliona ukipewa mengi utachagua lililo rahisi, upige makofi, uondoke.

Tumebakiza machache.

Tunaomba barakoa za gesi zilingane na watu wanaopanda. Asiwepo tena wa kuchagua nani apumue.

Tunaomba itangazwe na mkubwa, hadharani, kwamba bendera ikiwa nyekundu hakuna simu inayoinua kizuizi. Iwe ya nani. Ikiwa kuna mtu anaona bendera imekosea, apande kilimani akawaambie wapimaji, wana chai.

Tunaomba Bi Subiri arudishwe kazini leo, mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndipo alipoondolewa.

Ombi linalofuata si la umoja wetu, ni la Shemeji mwenyewe. Katika ratiba yako imeandikwa kwamba baada ya risala utamkabidhi Shemeji cheti cha ushujaa. Tulimpelekea habari hiyo wiki iliyopita tukidhani atafurahi. Alituuliza ngazi za jukwaani ni ngapi. Asubuhi hii, nilipokuwa nikiandika, alifika akishikwa mkono na jirani, akakaa kwenye bampa la gari akanitajia maneno yake moja moja, akipumzika kila baada ya machache. Nayasoma kama alivyoyasema.

"Andika kwamba sikatai cheti. Andika kwamba yule mzee ningembeba tena, sijuti. Lakini nisiitwe shujaa. Mkiniita shujaa mtatafuta mwingine mimi nikishakwisha. Na huyo mwingine ni kijana wa watu, ana mapafu mazuri. Mwacheni nayo."

Nilimuuliza kama kuna la kuongeza. Akasema: "Mke wangu hajanywa chai."

HITIMISHO

Mheshimiwa mgeni rasmi, ratiba inasema risala ikiisha tunapanda wote kwenda kukata utepe wa jukwaa jipya. Ni jukwaa zuri. Mafundi wetu wamelijenga kwa moyo, na siku ya bendera ya kijani tutakupandisha wenyewe, tukubebee mwavuli wa majivu.

Leo hatupandi. Waongoza wageni hawapandi, madereva hawapandi, na wabeba machela, kwa mara ya kwanza tangu kituo kiwepo, wamesema kabla ya jambo kutokea kwamba hawataki kupanda. Msimamizi wetu ameisikia sehemu hii kabla sijaisoma. Alikuwa na uwezo wa kuniondolea karatasi. Aliniambia: "Soma yote, tena polepole."

Wewe ni mkubwa wetu, hatuna uwezo wa kukuzuia. Ukitoka hapa ukaamua kupanda, barabara utaiona, ni safi kabisa. Ukifika kwenye kizuizi utamkuta mwanamke amesimama bila koti. Hatujaweza kumtoa. Tulimwambia ameshasimamishwa kazi, akatujibu zamu yake haijaisha.

Tunakuomba ukimfikia ushushe kioo mwenyewe, usimtume mtu. Atakuambia usubiri. Mjibu kwamba umesikia, kisha ugeuze gari.

Mwenyezi Mungu akufikishe kwa wanao ukiwa na pumzi zako zote. Awape macho wapimaji wetu, awape nguvu wafagiaji wetu, na usiku wa leo ampe Shemeji usingizi hata kidogo.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi,
Umoja wa Wafanyakazi wa Kituo cha Wageni cha Mlimani,
pamoja na wakazi wa chini ya mlima waliobaki.